Ukingo wa Usambara kwa penseli: shajara ya mradi, Irente hadi Mtae

Kabla ya kupanda

Mradi ni huu: utepe wa karatasi unaokunjwa na kukunjuliwa, kimo chake sentimeta 15, kila mkunjo upana wa sentimeta 21. Unaanzia mwamba wa Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, na kuishia Mtae, kule Usambara Magharibi inapokatika ghafla na chini yake kuanza nyika ya Mkomazi. Mtu akiukunjua wote sakafuni auone ukingo wa milima ukienda kutoka kusini, mkono wa kushoto, hadi kaskazini, mkono wa kulia, kama aliyesimama juu akitazama upande jua linakozama. Kwa sasa nauita Ukingo. Jina la kazi tu, huenda likabadilika.

Masharti niliyojiwekea ni machache. Kutoka Lushoto kwenda mbele ni kwa miguu. Kinachochorwa kinachorwa pale pale. Simu inakaa mfukoni, maana nikishapiga picha mkono hulegea, jicho nalo linaanza kusema tutamalizia nyumbani. Penseli kwanza, kisha wino mweusi usioyeyuka kwa maji, kisha kijivu cha rangi za maji ninachokipata kwa kuchanganya bluu na kahawia. Kijani hakimo. Hilo nimelifikiria sana. Usambara ukiifungulia kijani, kinameza kila kitu, na mchoro unageuka kalenda ya duka la pembejeo.

Mkobani nimetia penseli HB na 4B, kichongeo cha chuma, kifutio laini, kalamu mbili za wino, brashi yenye tangi la maji ndani ya mpini, ubao wa plaiwudi na vibanio vinne, kipande cha sponji cha kukalia, na kopo la spreyi ya nywele. Spreyi ni ya kugandisha penseli isichafuke karatasi zikisuguana. Wachoraji wengi wanaitumia badala ya dawa yenyewe, ambayo ni ghali na haipatikani hovyo. Ni Julai, kwa hiyo sweta mbili.

Mombo, Soni, Lushoto

Safari ya kosta kutoka Mombo haina mengi kwa mradi. Mombo iko tambarare, kwenye joto la mkonge, na Lushoto iko karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari; katikati ni kilometa 33 za kona juu ya kona, mto ukiwa chini ya dirisha. Soni nilishuka kunyoosha mkono. Nilichora maporomoko kwenye daftari la mazoezi, nikala ndizi za kuchoma, nikapanda gari lililofuata. Maporomoko hayaingii kwenye utepe. Hayapo ukingoni, na kwa kweli maji yanayoanguka ni kishawishi: kila mtu anajua kuyachora hata kabla hajayatazama.

Lushoto mjini nimelala mapema. Mji huu Wajerumani waliuita Wilhelmsthal, na bado una mteremko wa paa na miti ya barabarani ya watu waliokuwa wakitafuta baridi ya kwao. Siuchori.

Irente

Nimefika mwambani asubuhi, nikakuta hakuna kitu. Ukungu ulikuwa umejaa hadi kwenye majani ya ukingoni. Wageni wengine walikuwepo, wakapiga picha za weupe ule, wakaondoka. Mimi nilikaa. Ukungu wa Irente haupandi wala hauondoki, unatoboka. Kwanza lilitokea tundu moja upande wa kusini, ndani yake paa moja la bati likimeta, kisha kipande cha barabara, kisha pote pakafunguka kwa mara moja.

Chini, karibu meta 1,000 kutoka nyayo zangu, kuna Mazinde. Kuna mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa rula, kuna barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na kuna reli ya Tanga, ambayo ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi miaka michache baadaye. Baada ya hapo ni nyika, inayofifia hadi huwezi kusema ardhi imeishia wapi na mbingu imeanzia wapi.

Hapa ndipo ilinipasa kuamua jambo ambalo litauendesha utepe mzima: upeo wa macho nauweka wapi? Upeo hukaa usawa wa jicho. Ukiwa umekaa chini ufukweni uko usawa wa jicho, na ukiwa umesimama Irente uko usawa wa jicho vilevile. Ardhi ndiyo inayoshuka, upeo unakufuata. Maana yake ni kwamba katika utepe unaokwenda mlima hadi mlima, kitu kimoja tu kinaweza kubaki palepale mwanzo hadi mwisho, nacho ni mstari huo. Nimeuweka sentimeta 4 kutoka juu. Nimeupiga kwa HB, hafifu, kwenye mikunjo yote kabla sijachora jiwe hata moja.

Basi tatizo la Irente likabaki la umbali. Kila kitu kiko mbali, na kiko mbali sawasawa. Jicho halina pa kukanyagia. Nilirudi nyuma hatua kadhaa hadi ule mwamba wenyewe ukaingia kwenye karatasi, na ufa wake mmoja uliojaa majani makavu. Ufa nimeuchora kwa 4B na wino mzito. Mkonge wa chini nimeutia mistari myembamba kwa kalamu inayogusa karatasi kwa shida. Nyika sikuipa mstari wowote, kijivu cha maji tu, kilichozimuliwa mara mbili. Vumbi na moshi wa kiangazi hufanya kazi hiyo bure: kitu kinavyozidi kuwa mbali ndivyo kinavyopoteza weusi wake, hadi nyika ya mbali inakuwa nyeupe kuliko wingu. Daraja tatu za weusi zinatosha: karibu, kati, mbali. Ya nne ikiingia, ukungu unakuwa matope.

Mchana nilishuka hadi shamba la Irente kununua mkate wa rai na jibini. Nusu ya mkate ndiyo kifutio cha ziada. Ndani yake laini hufuta penseli vizuri kuliko raba nyingi za madukani. Nusu nyingine imeliwa.

Hali ya kazi: mikunjo ya Irente ina penseli na wino, kijivu kimeanza. Upeo umekaa.

Magamba

Kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba kunahitaji kibali na mwongozaji. Kijana niliyepewa ni mtaratibu na hana haraka, jambo ambalo kwa mchoraji ni nusu ya mshahara. Nilimweleza kwamba nitakuwa nasimama. Akasema, "Dada, wazungu wa kutazama ndege husimama zaidi."

Msitu huu umeniharibia mpango, na ni vizuri. Ukishaingia chini ya mikulo, ile miti mirefu ya msituni, hakuna upeo. Hakuna mbali. Kuna shina, nyuma ya shina kuna shina, na katikati kuna mwanga unaoanguka kama unaokota njia. Mstari wangu wa sentimeta 4 ulikuwa unapita katikati ya magogo ukiwa hauna cha kusema. Wazo la kwanza lilikuwa kuuacha utepe na sehemu nyeupe, kwamba "hapa ni msitu". Wazo la kivivu.

Niliketi mbele ya mteremko uliojaa mikangaga na kuitazama hadi nikaona kitu. Mikangaga iliyo chini ya jicho langu nilikuwa naiona mgongo wa jani, unang'aa, umetandazika. Iliyo juu ya jicho langu nilikuwa naiona tumbo la jani, lenye kivuli na madoadoa ya mbegu. Na mmoja, uliokuwa sawasawa na jicho, ulionekana kama uzi tu. Jani zima limelala, ukingo wake pekee ndio unaoonekana. Upeo ulikuwepo. Ulikuwa umefichwa na miti, lakini kila jani lilikuwa linautii.

Kwa hiyo mikunjo ya msitu inafuata sheria hiyo. Chini ya mstari majani yamefunguka na ni meupe. Juu ya mstari yamefunga na ni meusi. Hakuna mstari uliochorwa, lakini mtu akiutazama utepe kwa mbali jicho lake litapita palepale lilipopita Irente. Nimeshaujaribu kwa kuuegemeza utepe kwenye gogo na kurudi nyuma. Mwongozaji naye akatazama. Akasema anaona giza juu na mwanga chini. Inatosha.

Mbega wamepita juu, weusi na weupe, na mikia yao. Sikuwachora, hawangojei mtu. Kinyonga aliyekuwa kwenye tawi la njiani alingoja. Dume, mwenye pembe mbili puani, jicho moja likinitazama mimi na jingine likitazama inzi. Huyu yuko kwenye daftari la mazoezi, ukurasa mzima, kwa sababu mguu wake una vidole vilivyogawanyika makundi mawili, moja la vitatu na jingine la viwili, na ukilikosea hilo hawezi kushika tawi hata kwenye karatasi.

Watu mjini walikuwa wameniuliza kama nitachora lile ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani, alilipeleka Ujerumani miaka ya 1890 na sasa limekaa madirishani dunia nzima. Sikulitafuta. Lina wachoraji wake.

Lukozi

Soko, malori, kabichi. Kabichi zinarushwa kutoka mkono hadi mkono hadi juu ya lori linalokwenda Dar, na anayezipanga juu hata hatazami, anasikia tu uzito unapofika. Karoti zimeoshwa hadi zinaumiza macho. Nyanya na pilipili hoho ziko kwenye matenga yaliyofunikwa majani. Nimechora matenga yaliyopangwa, maana hayasogei, na vijana wa kupakia wakajaa mbele yangu kila mmoja akitaka sura yake. Niliwachora wawili upesi upesi nikawapa karatasi. Hiyo ndiyo kodi.

Hakuna kilichoingia kwenye utepe. Lukozi ni mahali pa kula.

Kupinda kwenda Mlalo

Hapa natoka nje ya mpango, na nautetea uamuzi. Mlalo hauko ukingoni. Uko ndani, kwenye bonde lililozungukwa na milima, na atakayeutazama utepe kwa jicho la mpima ramani atasema nimeruka. Lakini tangu Lukozi kitu kilikuwa kinanisumbua. Nilikuja kuchora mstari wa mlima, na kila ninapogeuka mistari ninayoiona haikuchorwa na mlima. Makinga maji yanazunguka kila kilima, ngazi juu ya ngazi, kila moja ina ukingo wa majani ya gwatemala. Ukiyaondoa, hujui tena uko Usambara au uko wapi. Kwa hiyo swali la utepe lilikuwa limeshabadilika bila kuniomba ruhusa, na mahali pa kulijibu ni bonde la Mlalo.

Nimekaa kwenye kona ya njia juu ya bonde. Mbele yangu mteremko mzima wa ng'ambo: migomba chini, kisha vitivo (mashamba yenye rutuba) vya mboga vyenye mifereji, kisha makinga ya viazi na mahindi yaliyokwisha kuvunwa, kisha miwati na mikaratusi, kisha anga. Nilinyoosha mkono, nikafumba jicho moja, nikaanza kupima kwa penseli na kidole gumba: kinga la kwanza hadi la pili nusu kidole, la pili hadi la tatu robo.

Mama aliyekuwa akikata gwatemala akasimama na mundu mkononi.

"Unapima?"

Nikamwambia nachora. Akaniangalia vile vile. Akamwita mtu. Akaja kijana mmoja, naye akauliza kama barabara inapita hapo, au ni bikoni zinawekwa. Nikamwonyesha karatasi. Hakuridhika sana, mtu anayetazama shamba la watu kwa jicho moja na kuandika huwa haleti heri. Hatimaye akaja babu, mwenye koti la suti na buti za mpira, na wote wakanyamaza.

"Shikamoo, babu. Onga mshi." Kishambaa changu kiliishia hapo.

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuone."

Aliushika ubao kwa mikono miwili, mbali kidogo na uso, kama wasomavyo waliosahau miwani. Alitazama mchoro, akatazama mteremko, akarudi kwenye mchoro. Nilidhani atasema umefanana au haukufanana. Akaweka ukucha kwenye kinga la nne kutoka juu, upande wa kulia, pale nilipolichora linakunja chini na kupotea.

"Hapa maji yamepasua."

Nikamwambia mimi nimechora ninachokiona. "Ndiyo," akasema, "umeona sawa. Ni masika hii. Mwenyewe yuko Dar, hajaja kuziba." Akauliza kama penseli inafutika. Nilipomwambia inafutika, akaichukua 4B, akapiga mstari wake kutoka pale kinga lilipovunjika, akalipeleka mbele kwa kulipindisha kidogo kuelekea juu kufuata tumbo la kilima, hadi likakutana na la jirani. Mkono haukutetemeka. "Likipita hivi," akasema, "maji yanalala. Hayatembei."

Nilimuuliza wanajuaje, shamba lenyewe likiwa limesimama kama ukuta. Akaokota vijiti vitatu akanionyesha: viwili vimefungwa kichwani, kimoja kinakatiza katikati, sura ya herufi A. Kichwani unaning'iniza kamba yenye jiwe. Unaitembeza fremu mguu kwa mguu kwenye mteremko. Kamba ikigusa alama ya katikati, miguu yote miwili iko usawa mmoja, unachomeka kigingi. Ukifika mwisho wa shamba unavifuata vigingi kwa jembe. Walifundishwa hivyo, au walikumbushwa, na mradi wa hifadhi ya udongo ulioletwa kwa msaada wa Ujerumani mwaka 1981, ule ambao Lushoto nzima inaujua kwa jina la SECAP. Gwatemala ilienea hapo. Inashika udongo kwa mizizi, na majani yanakatwa kuwapa ng'ombe wa zizini, ndiyo maana yule mama alikuwa pale na mundu.

"Lakini kabla ya hayo," babu akasema, "kulikuwa na matuta." Akalitaja neno matuta kwa namna ya mtu anayetaja ugonjwa.

Habari hiyo nilikuwa naijua kwa kusoma. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo, ukianzia hapa hapa bonde la Mlalo, kisha ukapanuliwa. Wakulima waliamriwa kuinua matuta kwenye miteremko, na waliokataa walitozwa faini. Kazi ilikuwa nzito, ardhi ilikuwa ndogo, na watu waliona kwamba anayeamuliwa namna ya kulima shamba lake leo, kesho ataamuliwa kama shamba ni lake. Chuki hiyo ikaingia kwenye siasa za TANU, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Babu alikuwa mtoto. Anachokumbuka ni baba yake kurudi jioni, kukaa nje, na kukataa chakula. "Watu walipima kwa macho wakiwa barabarani," akasema. "Hawakushuka."

Hapo nikaelewa kwa nini mama aliuliza alichouliza, na kwa nini kijana hakuridhika.

Basi nikashuka. Nimeuhamisha ubao hadi katikati ya shamba, kwenye kinga lenyewe, na kazi yote ya maana ya mradi huu imefanyika pale, jua likiwa mgongoni na watoto wawili wakinipa taarifa ya kila ninachokifanya ("Sasa anachora mgomba. Sasa anafuta").

Kilichotokea ni hiki. Makinga yaliyo chini ya jicho langu nayaona yamefunguka: naiona bapa ya shamba, udongo mwekundu, mashina ya mahindi. Yaliyo juu ya jicho langu siioni bapa hata kidogo. Naona kingo tu, pindo la gwatemala juu ya pindo la gwatemala. Na kinga moja, lililo usawa wa jicho, limenyooka kabisa, uzi. Linaingia kwenye kila bonde la kilima na kutoka, kwa mwendo wa miguu ni nyoka, lakini kwa jicho ni mstari mmoja ulionyooka toka mwisho hadi mwisho. Lazima liwe hivyo: likiwa limepimwa sawa kwa fremu, kila kigingi chake kiko kimo kimoja, na cha kimo cha jicho hakiwezi kuangukia mahali pengine isipokuwa kwenye upeo. Mikangaga ya Magamba ilikuwa imeshaniambia. Tofauti ni kwamba hapa mstari umewekwa na watu, kwa vijiti vitatu na jiwe.

Mkunjo wa Mlalo hauna anga. Nimeuacha mlima uende hadi juu ya karatasi, na ule mstari wa sentimeta 4 ni kinga la babu. Mstari alioupiga mwenyewe haukai kwenye mkunjo huo, uko kwenye mchoro wa kwanza wa kule konani. Nimeupulizia spreyi mara mbili na siutii wino.

Mji wa Mlalo nimeutazama jioni: nyumba za matofali ya udongo zilizopandana kilimani, nyingine za ghorofa zenye roshani za mbao. Unastahili safari yake. Sikuugusa, mkono ulikuwa umechoka na mwanga ulikuwa umekwenda.

Rangwi

Nimelala nyumba ya wageni ya masista. Maji ya moto kwenye ndoo, supu, kimya. Mchana wote nimeutumia mezani kutia wino, kwa kuwa nje kulikuwa na manyunyu.

Baridi ya huku ina unyevu, na karatasi inaunywa. Imeanza kujikunja pembeni hata kabla haijaguswa na brashi, na kijivu kinachukua muda mrefu kukauka. Ukiweka tabaka la pili mapema, la kwanza linainuka na kuacha alama za mawimbi. Nimepata dawa jikoni: jiko la mkaa likishapungua moto, karatasi inawekwa kwenye kiti umbali wa mkono mmoja, na sista mmoja anapiga kelele kila nikiisahau. Baadaye inalazwa chini ya ubao na mawe mawili.

Nimefanya pia jambo ambalo nilikuwa naliahirisha. Irente nimeirudia kwa wino. Siyo ufa wala nyika, vile viko sawa. Ni yale mashamba ya mkonge. Baada ya Mlalo niliitazama ile mistari iliyopigwa kwa rula bondeni, inayokatiza ardhi bila kuiuliza, na nikaona inataka kalamu nyingine. Nimeitia kwa ncha nene, bila kutetemesha mkono. Sasa mwanzo wa utepe una mistari ya rula na katikati yake ina mistari ya fremu, na wala sihitaji kuandika maelezo chini.

Mtae

Njia ya mwisho ni ndefu na inapanda kuliko ramani inavyokiri. Bodaboda walipunguza mwendo kila mmoja kuniuliza kama nina matatizo. Mtu mzima mwenye mzigo, anatembea, barabara ipo, boda zipo: lazima kuna jambo. Nilipochoka kueleza nikawa nasema nafanya mazoezi.

Mtae imekaa kwenye mgongo wa mlima, nyumba zimejipanga juu ya ncha, na pande za ukingoni ardhi inaporomoka moja kwa moja. Chini ni nyika ya Mkomazi, na ng'ambo milima ya Pare imejipanga, kila mmoja mweupe kuliko ulio mbele yake. Kilimanjaro huonekana kutoka huku siku ikiwa safi. Siku yangu haikuwa safi. Nimemwachia nafasi kwenye mkunjo, kwa maana ya kwamba sikujaza kitu pale; sitamchora kwa kukisia.

Upeo umerudi. Baada ya msitu na bonde, kuuona tena mbele yangu, ukiwa pale pale kwenye sentimeta 4, ilikuwa raha ya kifundi. Nimechora kwa kasi, jioni na asubuhi yake, upepo ukijaribu kuupeleka ubao Same. Jioni nyika ni nyeupe na Pare ni nyeusi; asubuhi ni kinyume, Pare inapigwa jua usoni na nyika imejaa kijivu kizito. Nimeichagua asubuhi, kwa sababu mwisho wa utepe ukiwa na nyeusi chini unaufunga mlango vizuri, na kwa sababu jioni nilikuwa na watu wengi mno mgongoni. Mzee mmoja alitaka kujua bei. Nilipomwambia hauuzwi, akauliza sasa wa nini.

Yaliyobaki

Kijivu cha Magamba kinahitaji tabaka moja zaidi upande wa juu, penye matumbo ya majani. Kwa sasa mwanga unavuja. Mikunjo ya Mtae ina penseli na wino, rangi bado, nitaitia Dar ambako karatasi inakauka kwa dakika. Mchoro wa kona ya Mlalo, wenye mstari wa babu, utaingia kama jani la ndani linalofunguka peke yake, mbele ya mkunjo wa kinga. Inabidi mkunjo ule uongezwe sentimeta mbili pembeni ili jani lipate pa kushikia, na hiyo inasogeza kila kinachofuata, kwa hiyo kuunganisha kunaanzia Mtae kurudi nyuma, siyo Irente kwenda mbele.

Babu nimemwahidi nakala. Amesema iwe kubwa, kwa sababu anataka kumwonyesha mwenye shamba akija mwezi wa Desemba.

Kitambaa cha viungio nimekipata Lushoto kwa fundi cherehani, vipande vya melikani vilivyobaki kwenye mashuka. Gundi nitapika mwenyewe ya unga wa ngano, nyepesi, bila madonge, na karafuu mbili ndani ili mende wasiupende utepe.